Maganda ya .357 Magnum: kukata mdomo ni lazima au ni kujichosha tu?

mkereza_ngamiani

Habari za jioni wakuu, naomba msaada kwa mwenye uelewa. Mimi ni fundi wa kukereza vyuma hapa Tanga, leti yangu iko Ngamiani, kazi zangu nyingi ni shafti na bushi za mashine za mkonge na vifaa vya injini za boti zinazotoka Sahare. Bunduki si fani yangu ila chuma nakijua.

Sasa mdogo wangu wa tumbo moja yuko Arizona mwaka wa tisa huu, kule ana rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) ya .357 Magnum, anapiga shabaha uwanjani kila akipata Jumamosi. Risasi za dukani zimekuwa ghali kwake kwahiyo anajaza mwenyewe, kule ni kitu cha kawaida na halali kabisa. Maganda, yaani vile vikopo vya shaba vya risasi, akishapiga anayaokota, anatoa praima (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) iliyoungua, analipitisha ganda kwenye dai, yaani kalibu ya chuma, lirudi saizi yake, anatanua mdomo kidogo, anaweka praima mpya na baruti kwa kipimo cha kitabu, anakalisha kichwa kipya, yaani ile sehemu inayoruka, afu anakunja mdomo wa ganda ung'ate kile kimfereji cha kwenye kichwa.

Tatizo lake ni mawili. La kwanza, kwenye kukunja mdomo baadhi ya maganda yanavimba chini kidogo ya mdomo, yaani yanakuwa na tumbo, risasi ikifika kwenye silinda inagoma kuingia. La pili ndilo lililonitisha mimi kaka yake, siku moja kapiga nne, silinda ikakataa kuzunguka. Kuja kuangalia, kichwa cha risasi moja ambayo bado haijapigwa kimetoka mbele chenyewe mpaka kimechomoza nje ya silinda kikagota kwenye fremu. Kaweka chini kwa uangalifu, uwanja ukasimama, wakamsaidia wenyeji.

Akanipigia akasema kaka wewe si mtu wa vyuma, niambie. Nikamwambia kwanza pima maganda yote, kitu usichokipima hukijui. Kapima urefu wa mia moja kwa venia (kipimo cha kubana cha mafundi), kanitumia kwenye WhatsApp. Manne ni 32.31 mm, mengine tisini na sita yako kati ya 32.46 na 32.69. Kitabu chake kinasema mwisho kabisa ni 32.77 na ukikata ukate mpaka 32.51. Kwahiyo hakuna hata moja lililozidi.

Hapo ndipo nilipokwama. Kama hakuna lililozidi anakata nini? Kifaa cha kukatia anacho, cha kuzungusha kwa mkono. Wenzake wa uwanjani wanamwambia maganda yaliyonyooka kama bomba hayakatwi maisha yake yote. Ila mimi kwa jicho la kiufundi naona tofauti ya 0.38 mm kati ya fupi na refu, na hiyo kwenye kazi yangu ni kubwa sana, bushi yenye tofauti hiyo narudishiwa siku hiyohiyo. Nani yuko sahihi?

---

Mzee wa Handeni

Akate. Tena akate kila akijaza, asisikilize watu.

Nimefanya kazi kwenye kambi za uwindaji miaka mingi, nimebeba bunduki za wageni, nimeyaona haya kwa macho. Kuna mgeni alikuja na .300 Winchester Magnum, risasi amejaza mwenyewe kwao. Kapiga mnyama vizuri tu, kuvuta bolti (kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) likatoka nusu ganda, nusu ya mbele imebaki imeganda ndani ya chemba, lile tundu risasi inapokaa. Safari ya siku nzima ikafia pale, tulirudi kambini na bunduki haina kazi. Baadae akakiri maganda yale kayatumia mara nyingi na hajawahi kuyakata. Magnum ni magnum bwana, ina nguvu, inavuta shaba. Mwambie mdogo wako akate.

---

mtu_wa_raskazone

Shikamoo mzee wa Handeni. Heshima yako ipo palepale ila naomba nikupinge kidogo kwa sababu hapo umechanganya mambo mawili na kijana anaweza kwenda na dawa isiyo ya ugonjwa wake.

Nimekulia Raskazone, sasa hivi naishi Ohio, na hii kazi ya kujaza nimeifanya muda, .357 na .44 zote. Ganda la .300 Winchester Magnum ni ganda la chupa, lina bega na shingo, afu chini lina mkanda. Ukipiga, linajibana kwenye kuta za chemba huku mbele na nyuma yake kitako kinasukumwa kurudi kwenye bolti, kwahiyo brasi, ile shaba ya ganda, inavutika pale juu kidogo ya mkanda na kuwa nyembamba. Ukilirudisha saizi brasi inakimbilia shingoni, ganda linarefuka. Ukirudia hivo mara nyingi pale palipokonda panakatika. Sasa mzee, kule kukatika kwa ganda kwa yule mgeni kusingezuiwa na kukata mdomo. Mdomo ungekuwa na urefu mzuri kabisa na ganda lingekatika vilevile, mana ugonjwa uko chini kwenye mkanda. Kurefuka kulikuwa ni dalili tu.

Ganda la .357 halina bega. Ni bomba. Likipigwa linatanuka kwa pembeni, na likitanuka pembeni linafupika kidogo, ukilipitisha kwenye dai linarudi kidogo. Mengi yakishapigwa mara nyingi yanakuwa mafupi kuliko yalivyotoka kiwandani. Ndo mana wale wa uwanjani wanasema hayakatwi, na kwa upande wa KUZIDI urefu wako sahihi, ni nadra sana.

Ila mkereza nawe uko sahihi, na wewe ndo umegusa penyewe. Kwenye rivolva ya magnum hatukati kwa kuogopa urefu uliozidi, tunakata ili yote yalingane. Dai ya kukunja mdomo imefungwa sehemu moja, haijui ganda gani ni refu gani ni fupi. Akiipanga kwa ganda fupi, ganda refu likiingia linakunjwa kupita kiasi, mdomo ukishafika mwisho wa kimfereji hauna pa kwenda, ukuta unasukumwa chini ukapinda, hilo ndo tumbo analoliona. Akiipanga kwa ganda refu, fupi linaguswa kidogo tu. Hilo fupi ndilo lililoachia kichwa cha risasi, mana rivolva ikipiga teke kurudi nyuma, ganda limeshikwa kwa ukingo wa kitako chake linarudi na silinda, kichwa kwa uzito wake kinataka kubaki kilipo. Kila mshindo unakitoa nywele moja. Risasi ya tano na ya sita zinakula mishindo ya wenzao wote kabla hazijapigwa.

Yaani matatizo yake mawili ni tatizo moja.

Na huko kwenye kutanua mdomo ni hivohivo, refu linatanuliwa sana, fupi halitanuliwi vya kutosha, kichwa cha risasi kinakwangua ukuta kikiingia.

Kuhusu ile 32.77 isichukuliwe kirahisi pia. Hizi risasi za ukingo zinakaa kwenye silinda kwa kutegemea ukingo, urefu wa ganda hauamui inakaa wapi. Lakini ganda likiwa refu mno mdomo unaingia pale chemba inapokuwa nyembamba, ukifika hapo hauwezi kufunguka kuachia kichwa, presha inapanda vibaya. Kwahiyo ule ni mpaka wa usalama, usivukwe. Ile 32.51 ni pendekezo tu la pa kukatia.

---

Fundi Vipuri Pongwe

Mkereza salama? Nimeona jina nikajua ni wewe, tuliwahi kupeana kazi ya puli.

Swali kwa mtu wa Raskazone, akate mpaka wapi? Maana kwa hesabu zake akikata 32.51 yale ya 32.46 hayaguswi, na akisema akate mpaka fupi kuliko yote anakuta 32.31 anapoteza nyama nyingi kwenye maganda tisini na sita kwa ajili ya manne tu.

---

mtu_wa_raskazone

Swali la fundi kweli hilo. Manne ayatoe kwenye kundi. Nahisi hata ni ya kiwanda kingine, aangalie maandishi kwenye kitako, maganda ya viwanda tofauti yana unene tofauti wa ukuta na asiyachanganye hata kama urefu umelingana. Tisini na sita yaliyobaki akate yote 32.45. Iko chini ya kitabu kwa 0.06 tu, haina shida yoyote, muhimu ni kulingana. Akishakata mara moja hatarudia kwa muda mrefu sana, mimi kundi langu la .44 nilikata mara ya kwanza nilipoyapata na mpaka leo napima tu, sijawahi kukata tena.

Utaratibu asiuvuruge. Kwanza ganda lipite kwenye dai ya saizi, ndipo lipimwe. Asipime ganda lililotoka kupigwa mana urefu unabadilika likipita kwenye dai. Akishapima anakata, anasafisha mdomo ndani na nje, ndipo anatanua. Asikate ganda lililokwisha kutanuliwa.

Halafu mkereza niulizie kitu kimoja, huyo bwana mdogo huwa anapiga .38 Special kwenye rivolva hiyohiyo?

---

mkereza_ngamiani

Mungu awabariki, nimemtumia yote kama yalivyo. Anasema ndiyo, mazoezi anapiga .38 kwa sababu ni laini, afu anamalizia na magnum. Na maganda manne kweli kitako kina maandishi tofauti, nimeshangaa umejuaje.

Anauliza pia, kajaribu kukata matatu kuona, mdomo unatoka na kingo za ukali kama meno na upande mmoja uko juu kuliko mwingine. Hilo la kukata najua la kumwambia ila fundi wa Pongwe nisaidie, wewe umefanya sana mabomba membamba.

---

mtu_wa_raskazone

.38 ni fupi, 29.34 mm, imepungua karibu milimita tatu na nusu kwa .357. Ile .357 ilipotoka 1935 ilirefushwa makusudi isiweze kuingia kwenye rivolva za zamani za .38 ambazo zisingehimili presha yake. Sasa ukipiga .38 nyingi kwenye chemba ndefu, masizi yanaganda pete pale mdomo wa ganda fupi unapoishia. Ukija na .357 inapita juu ya hiyo pete kwa shida. Kwahiyo baadhi ya zile risasi zinazogoma kuingia huenda hazina tumbo lolote, chemba ni chafu. Asugue kila chemba kwa brashi ya shaba na dawa ya kusafishia mpaka pete itoke, NDIPO ajue ni zipi zenye tumbo kweli. Asije akalaumu ganda kwa kosa la masizi.

---

Fundi Vipuri Pongwe

Kuhusu kukata. Brasi ya ganda la risasi si brasi ya bushi zetu, hili watu hawalijui. Ya ganda ni kopa 70 na zinki 30, haina risasi ndani yake, nasema risasi ile metali laini ya kijivu, ambayo kwenye vyuma vya kukereza inawekwa ili chipu zikatike zenyewe. Ile yetu ukiigusa inatoka unga, inaruka kama mchanga. Ya ganda ni laini na inanata, chipu inatoka ndefu kama uzi, na kisu kikiwa butu hakikati kinasukuma, ukisukuma unaacha hayo meno anayoyasema.

Kwahiyo kisu kiwe kikali kwelikweli, azungushe kwa mkono mwepesi, asikandamize. Aache kikate chenyewe, na akisikia kimeacha kukata asiongeze nguvu, azungushe mara mbili tatu bila kusukuma ili uso uwe laini. 

Upande kuwa juu, hapo ni ganda halijakaa sawa kwenye kishikio. Ukingo wa ganda una uchafu au kishikio kina chipu ndani, ganda linasimama mshazari. Apulize kishikio kila baada ya ganda moja, na kile kipini kinachoingia mdomoni kuliongoza kiwe saizi ya .357, kikicheza mdomo unaenda upande.

Akimaliza, ile reza ya kusafishia mdomo ndani na nje aigeuze mara moja tu kidogo. Watu wanapenda kusafisha mpaka mdomo unakuwa kama wembe, mdomo mwembamba unapasuka haraka.

---

Mzee wa Handeni

Nimesoma yote, mtu wa Raskazone nimekuelewa, la mkanda sikuwa nalijua kwa undani huo. Mimi niliona nusu ganda nikaambiwa hakukata, nikabaki na hilo. Sasa nauliza kwa nia njema, kukunja mdomo ndiyo kunashika kichwa peke yake? Maana mimi kwenye zile za kambini naona nyingine hata hazijakunjwa na hazitoki.

---

mtu_wa_raskazone

Mzee bila swali lako ningesahau nusu ya jibu. Hapana, kinachoshika zaidi ni ukuta wa ganda wenyewe kukibana kichwa. Kukunja mdomo ni kufuli la juu, na kwenye magnum zenye baruti za polepole linasaidia pia baruti iwake sawasawa kabla kichwa hakijaondoka. Ila ukuta ukiwa umelegea hakuna kukunja kutakakokiokoa.

Kwahiyo apime hivi. Achukue ganda lililopita dai ya saizi na dai ya kutanua, apime kipenyo cha ndani chini ya pale palipotanuliwa. Kichwa cha shaba cha .357 ni 9.07 mm. Ndani ya ganda iwe ndogo kwa 0.05 mpaka 0.08. Tofauti ikiwa ndogo kuliko hapo, ile nondo ya kutanua ni nene.

Na kukalisha kichwa na kukunja mdomo afanye mara mbili tofauti, si kwa mkono mmoja. Ukifanya kwa pamoja kichwa bado kinashuka wakati mdomo umeshaanza kukikamata, hapo pia tumbo linatoka hata kama urefu uko sawa.

Kuna pia dai za kukunja kwa kubana pembeni pande zote kama koleti ya leti, hizo hazijali sana tofauti ya urefu. Sio lazima anunue, ila akichoka kukata ajue zipo.

---

dada_chumbageni

Samahanini kaka zangu, sitaki kuvuruga mada, nimejifunza mengi. Nasema tu kwa wanaosoma wakiwa hapa nyumbani. Hii anayofanya mdogo wake mkereza ni ya huko aliko. Kwetu kuna sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, risasi ni kitu cha kibali na huwezi kukaa Chumbageni ukatengeneza zako chumbani. Na kaka mkereza, mdogo wako akija likizo asikuletee hata ganda tupu kwenye begi kwamba ukalikate kwenye leti, utajieleza uwanja wa ndege mpaka uchoke. Vipimo kwenye simu vinatosha.

---

mkereza_ngamiani

Dada asante sana, na niseme wazi, hapa kwangu hakujaingia hata ganda moja wala halitaingia. Mimi nasoma namba tu na yeye ndiye anashika kazi.

Sasa niwape mrejesho, imepita wiki mbili. Kasugua chemba kwanza kama ulivyosema mtu wa Raskazone, na risasi kama nane hivi zilizokuwa zinagoma zikaingia zenyewe bila shida, kwahiyo masizi yalikuwepo kweli. Zenye tumbo kabisa zikabaki saba, kazivunja akaokoa vichwa, maganda yake katupa.

Kapima ndani ya ganda, kakuta 9.04. Yaani tofauti na kichwa ni 0.03 tu, ukuta ulikuwa haushiki! Hapo nikafurahi mana hiyo sasa ni kazi yangu. Nikamuelekeza kwa video, nondo ya kutanua aifunge kwenye drili, azungushe taratibu na msasa wa maji namba 600 wenye mafuta, apime kila baada ya nusu dakika, asiguse kile kibega cha juu kinachotanua mdomo, akimaliza aing'arishe na 1000. Kaitoa 0.03, ndani ya ganda sasa inasoma 9.01. Nilimwambia akipunguza zaidi ya hapo hawezi kurudisha, kwahiyo aende pole, na kaenda pole.

Maganda kayakata 32.45, kanitumia vipimo ishirini alivyochagua bila mpango, la chini 32.43 la juu 32.47. Kwa kifaa cha kuzungusha kwa mkono hiyo ni kazi safi, nimempongeza kwa dhati. Mdomo umetoka laini baada ya kubadilisha kisu, kile cha mwanzo kilikuwa butu kweli fundi wa Pongwe, kakipiga picha kwa karibu makali yameviringika kama ukingo wa sufuria.

---

mtu_wa_raskazone

Safi sana. Bado jaribio moja asiliruke. Ajaze sita kwenye silinda, moja aiwekee alama kwa kalamu ya wino mzito na aipime urefu wote kabla. Apige tano, ile ya alama aitoe aipime tena. Isipobadilika kazi imekamilika. Ikirefuka hata kidogo cha kuonekana asiendelee kupiga hizo, arudi kwenye kukunja mdomo.

---

Fundi Vipuri Pongwe

Na apime kwa venia ileile, asibadilishe. Na aifute meno kwanza.

---

mkereza_ngamiani

Kafanya jana, huku kwetu ilikuwa usiku nimekaa na simu nasubiri kama nasubiri matokeo ya mtihani wa mwanangu. Risasi ya alama kabla ilikuwa 40.20 mm. Kapiga tano, kaitoa, kapima mara tatu, 40.20, 40.21, 40.20. Kairudisha ndani akaipitisha mishindo mitano mingine, bado 40.21. Silinda inazunguka vizuri, hamna tumbo hata moja kwenye hamsini alizojaza.

Wakuu nawashukuru kutoka moyoni, mzee wa Handeni na wewe pia, mana bila kisa chako lile la mkanda lisingeelezwa. Ana maganda themanini ya .44 Magnum ya rafiki yake anataka kuyapima wiki ijayo, kitabu kinasema mwisho 32.64. Nimemwambia aanze na maandishi ya kwenye kitako kabla hajashika venia.